Kisima Nilichokihamisha

Ruiru, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kageha mwanangu,

Siwezi kuanza kwa kukuuliza hali, maana nimekuona saa moja iliyopita ukitoka na mama yako kwenda kuwaaga watu wa kanisa. Hali yako ni njema, ila viatu vipya vinakubana na hutaki kusema. Ya viatu, ya sanduku, ya blanketi na ya kuandika nyumbani kila mwezi, mama yako ameshakwambia mara tatu na atakwambia tena. Mimi nimefuta vumbi la mbao kwenye benchi langu, nimekaa kuandika jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa miaka mitatu. Nitakupa karatasi hizi mkononi ukirudi. Zisome leo, kabla hujalala. Usizipeleke chuoni Kabete bila kuzisoma. Sababu utaiona mwishoni.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumba hii. Mimi nilikuja na Kimaragoli changu, mama yako na Kikikuyu chake, tukakutana katikati, nawe ukazaliwa hapo katikati.

Unakwenda kusomea kazi ya afya. Ukimaliza utaajiriwa na baraza fulani, hapa au kwingine, upime maji, ukague vyoo na nyama. Na mezani watakuwako madiwani waliochaguliwa na watu. Nilikuwa mmoja wao. Ulijivuna sana nilipochaguliwa. Uliandika jina langu kwa chokaa kwenye ukuta wa shule ukachapwa. Lakini hujui nilikuwa diwani wa namna gani. Mama yako anajua nusu. Nataka uijue yote kutoka kwangu.

Siku ya kwanza barazani tulivaa makoti. Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali aliyekuwa mwenyekiti wetu, alisimama akatueleza sheria kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Alisema, "Nyinyi mtaamua watu wapewe nini. Jinsi ya kukifanya ni kazi ya maofisa wa baraza. Diwani asimwamuru ofisa huko nje, na ofisa asipige kura humu ndani." Tukaitikia, ndiyo Bwana. Moyoni nilikasirika. Tulikuwa tumepewa baraza lisiloweza kugusa ardhi, wala kafyu, wala vipande, vile vitambulisho watu walivyolazimishwa kubeba, na hata hicho kidogo tulichobakiziwa tunaambiwa kina mpaka. Hasira ile ilikuwa ya haki, bado nasema hivyo. Lakini tazama nilikoipeleka. Bwana Shauri sikuweza kumwamuru. Mtu niliyeweza kumwamuru alikuwa Kilonzo.

Unamkumbuka Bwana Kilonzo, msimamizi wa ujenzi wa baraza? Mkamba mrefu, kofia ya jua iliyokatika ukingo, baiskeli yenye koleo limefungwa nyuma. Alijifunza kazi jeshini wakati wa vita, akiwachimbia askari visima kwenye nchi kavu. Alikuwa Mwafrika pekee kati ya maofisa wetu. Wale Wazungu wawili tuliwavulia kofia. Yeye tulimpigia mluzi.

Shida ya maji uliiona mwenyewe. Kina mama wa kile kijiji kilichozungushiwa uzio na serikali ng'ambo ya soko walikuwa wakifunguliwa lango saa chache tu mchana. Mto uko mbali. Kafyu ikiwakuta njiani, askari wa lango waliwamwagia maji yao chini, na wengine walipigwa. Nilisimama barazani nikasema aibu hii iishe, watu wapewe kisima. Nilisema vizuri siku ile, sauti ilitetemeka na sikuifanya itetemeke. Baraza likakubali. Kama ningekaa chini hapo na kunyamaza, leo ningekuwa nakuandikia ya sabuni na nauli.

Kilonzo alizunguka juma zima. Alichimba vishimo hapa na pale, akanusa udongo, akauonja hata kwa ulimi. Mwisho akachagua mahali kule juu, kwenye mteremko nyuma ya shule yenu. Habari ilipofika sokoni watu walinung'unika. Ni karibu kuliko mtoni, walisema, lakini bado ni kupanda mlima. Wakaja kwangu. Na mimi, Kageha, sikuwa nawaza mlima tu. Nilitaka kisima kiwe sokoni kwa sababu sokoni ndiko waliko walionichagua, ndiko wanakopita wote, na nilitaka kila anayeteka maji amkumbuke Zakayo seremala. Nimelitafutia jambo hili jina zuri zaidi, sikulipata.

Nikamwita Kilonzo sokoni. Alikuja na baiskeli yake.

"Hapa," nikamwambia, nikapiga mguu chini kando ya vibanda.

"Hapa hapafai, Bwana Diwani."

"Maji hakuna?"

"Maji yapo. Hata si mbali. Lakini tazama juu yetu kuna nini." Akanyoosha koleo. Juu yetu kulikuwa na vyoo vya mashimo vya laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, na chini ya vyoo hivyo machinjio, na damu ikitiririka kwenye mfereji wa udongo. "Mvua kubwa ikija, vyote vile vitashuka mpaka hapa. Udongo huu hauchuji kitu."

"Kwa hiyo kina mama waendelee kupigwa kwa sababu ya udongo?"

"Sijasema hivyo. Nyinyi mmeamua watu wapate maji, na mimi nimefurahi. Mahali pa kuchimba niachieni mimi."

Watu walikuwa wameshakusanyika. Mwenye viazi, mwenye makaa, mafundi cherehani. Nikaona macho yao. Nikamuuliza kwa sauti, "Wewe, nani alikuchagua?"

Kilonzo alinitazama kidogo. Akasema, "Hakuna." Akapanda baiskeli akaenda zake.

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Kicheko kile kikinirudia hata nikiwa kazini nasimamisha randa, natema mate chini.

Mkutano uliofuata nilileta hoja kwamba kisima kichimbwe sokoni. Ndung'u, diwani mwenzangu mwenye bucha, akaniunga mkono. Kilonzo alikuwa amekaa kule nyuma kwenye kiti cha maofisa. Alinyoosha mkono aseme. Ndipo nikasimama, mimi niliyeuchukia mpaka wa Bwana Shauri, nikasema, "Bwana Mwenyekiti, ofisa hana kura humu ndani." Maneno yake mwenyewe nikampa. Bwana Shauri akatazama saa yake, ilikuwa karibu na wakati wa chakula, akasema kweli, ofisa atasema akiulizwa. Akauliza kama kuna diwani anayetaka kumuuliza Bwana Kilonzo lolote. Hakuna aliyeuliza. Tukapiga kura, mikono yote ikapanda. Baadaye nilisikia kwamba Kilonzo alimfuata Bwana Shauri ofisini akamweleza ya vyoo na machinjio. Akaambiwa baraza limekwisha sema.

Akachimba. Na alichimba vizuri, kwa sababu hakujua kuchimba vibaya. Akajengea mawe ndani, akaweka ukingo wa saruji na kifuniko na roda ya kamba. Siku ya kufungua kina mama waliimba. Wewe na Wambui, rafiki yako wa shule wa mle ndani ya uzio, mlikuwa mbele kabisa mkipiga makofi. Maji ya miezi ile ya kwanza yalikuwa matamu, na mimi nilitembea sokoni kama mtu aliyeyaumba.

Kisha zikaja mvua ndefu.

Asubuhi moja niliteka ndoo nipate maji ya kunolea patasi. Maji yalikuwa na utando juu, wenye rangirangi kama mafuta. Nikainama. Harufu ile siwezi kuiandika ikaeleweka. Ilikuwa harufu ya ngozi mbichi na ya kitu kingine ambacho wewe utajifunza jina lake huko uendako. Nilimwaga ndoo haraka, nikatazama nyuma kama mwizi. Jioni ile ile Kilonzo alikuja hapa karakana. Hakukaa.

"Bwana Diwani, tukifunge."

"Kwa siku ngapi?"

"Tukifunge kabisa."

Uchaguzi ulikuwa majuma matatu mbele. Nilimwambia, "Nipe majuma matatu. Mvua itapungua, maji yatajisafisha."

"Maji hayajisafishi."

"Basi andika kwa Bwana Shauri, yeye ndiye mkubwa wako. Mimi ni diwani tu, siwezi kukuamuru." Nilimjibu hivyo hivyo, mwanangu. Nikamtabasamia.

Kuanzia kesho yake nilikwambia maji ya kisima yana chumvi, yanaharibu sufuria za mama yako, kwa hiyo utakuwa ukiteka mtoni, upande wa juu wa daraja. Ulilalamika. Ulikuwa ukirudi shingo imekakamaa kwa debe, unasema, "Baba, Wambui ananicheka. Wao wanateka mlangoni, sisi tunatembea kama hatuna kisima na wewe ndiye uliyekileta." Nikakukaripia. Mama yako akaniangalia, na kuanzia siku ile alikuwa akichemsha hata maji ya mtoni. Hukuwahi kuumwa. Ukajihesabu mtu mwenye bahati. Haikuwa bahati. Baba yako alijua, akaokoa nyumba yake, akaacha kijiji kizima kinywe.

Pumzika kidogo hapa kama unahitaji. Mimi nimesimama, nimezunguka benchi mara mbili, nimerudi.

Watu walianza kuharisha. Kwanza wachache, na tumbo la mtoto huharibika kwa mengi. Kisha minong'ono ikafika sokoni: maji ya Zakayo yananuka. Kina mama wengine wakaacha kuteka, akiwemo mama yake Wambui. Alikuwa mwangalifu yule mama. Alianza tena kwenda mtoni, akikimbizana na saa za lango. Juma la mwisho kabla ya uchaguzi nikaitisha watu pale kisimani. Nikasema kuna maadui wanaotaka kuharibu kazi yetu, watu ambao hawakuchaguliwa na mtu. Kila mmoja alijua nasema nani. Nikavuta ndoo mwenyewe, nikachota kikombe, nikakiinua juu, nikanywa chote. Nikajipangusa mdomo nikasema, "Maji yenu ndiyo haya."

Walishangilia. Mama Wambui alikuwa amesimama karibu kabisa, angeweza kunigusa. Nilimwona uso ukilainika. Akachukua kamba kutoka mkononi mwangu, akajaza debe lake.

Mimi nikatembea polepole, nikiwasalimu watu, mpaka nyuma ya kibanda cha ngozi. Nikajitia vidole kooni. Nikatapika maji yote, nikajitia tena mpaka ikatoka nyongo. Nikarudi sokoni nikapokea mikono ya watu.

Nilichaguliwa tena.

Ya Wambui unayajua, ila hukujua mwanzo wake. Ulikuwa ukimpelekea masomo nyumbani alipoacha kuja shule. Homa ya matumbo haikumchukua siku moja, ilimchezea majuma. Usiku hali ilipobadilika askari wa lango walikataa kufungua mpaka kuche, na asubuhi gari lilipompeleka Thika hospitalini alikuwa ameshakata kauli. Ulilia mpaka ukapoteza sauti. Nilikaa kitandani kwako nikakushika mkono nikakwambia ni mapenzi ya Mungu. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo linalonichefua kuliko mengine. Nilimsingizia Mungu mbele ya mtoto wangu.

Walikufa wengine pia, wazee wawili na mtoto mchanga. Hapo ndipo daktari wa serikali akaja kutoka Nairobi, tukaitwa wote barazani. Kilonzo alisimamishwa katikati, kofia mkononi. Daktari akauliza nani alichagua pale sokoni. Bwana Shauri akafungua kitabu cha mikutano, akasoma kwa kidole. Karani wetu alikuwa ameandika kwamba baraza lilishauri kisima kiwe sokoni. Lilishauri. Sijui kama aliandika hivyo kwa kutojali au aliambiwa. Daktari akanigeukia mimi, mwenye hoja.

"Baraza liliagiza, au lilishauri?"

Kageha, neno moja tu lilihitajika. Nilikuwa nalo mdomoni.

"Lilishauri, Bwana," nikasema. "Sisi ni madiwani. Mahali pa kuchimba ni kazi ya msimamizi."

Ndung'u akatikisa kichwa kukubali. Wote wakatikisa. Ungeona vichwa vile, ungedhani ni mbuzi kwenye lori. Kilonzo akasema, bila kupandisha sauti, "Kura zilipigwa. Nilinyoosha mkono, nikanyimwa." Bwana Shauri akamjibu kwamba ofisa hapokei amri kwa diwani, jambo hilo lilielezwa siku ya kwanza. Kilonzo akamtazama. "Nilikuja kwako pia, Bwana." Mzungu yule akafunga kitabu. Hakukana, hakukubali, alifunga kitabu tu. Nikaelewa kwamba yeye na mimi tunasimama nyuma ya mlango mmoja, na nikafarijika. Fikiria, nilifarijika kuwa na mtu kama yeye upande wangu.

Kilonzo alifukuzwa kazi, akaondolewa katika nyumba ya baraza siku hiyo hiyo. Nilimwona akifunga vitu kwenye baiskeli, mke wake akiwa amebeba mtoto na sufuria. Nilipita ng'ambo ya barabara.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu na nakuandikia lilivyonikaa, unaweza kulikataa. Kisima kilipokuwa sifa, nilisema ni changu, nani alimchagua Kilonzo. Kilipokuwa kaburi, nikasema ni chake, mimi ni diwani tu. Mpaka ule ule niliuvuka nikitaka na nikajificha nyuma yake nikitaka. Wengi wanafanya hivyo, Kageha, pande zote mbili za meza. Nimeona pia maofisa wanaolala ofisini wakisema wanangoja uamuzi wa baraza. Wananichefua vilevile. Lakini sitaki uanze kazi ukidhani madiwani wote ni takataka na maofisa wote ni akina Kilonzo. Wale kina mama walihitaji maji karibu. Hilo lilikuwa kweli, na mtu wa kulisema alikuwa mimi, kwa kuwa mimi nilichaguliwa niwasemee watu, na Kilonzo hakutumwa na mtu alisemee.

Mwaka jana nilikwambia nakwenda kutafuta mbao. Nilikwenda kwake, ng'ambo ya mlima wa Donyo Sabuk. Nilimkuta shambani analima mbaazi kwenye udongo mwekundu wenye mawe. Hakunikaribisha ndani. Mke wake aliponiona aliingia akafunga mlango.

Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha.

"Ungesema siku ile mbele ya daktari, ningekuwa na kazi," akajibu. "Leo unaniletea nini? Unataka ulale vizuri?"

Nikamwambia kwamba nilikuwa nimekwenda kwa Bwana Shauri kueleza ukweli, na kwamba alinisikiliza akiwa amesimama, akasema ripoti imeshakwenda, nisimsumbue. Kilonzo hakushangaa. Aliendelea kulima, mimi nikimfuata kwenye matuta kama karani. Kisha akasimama.

"Kile kisima mmekifanyaje?"

"Tumekifunika kwa mbao."

"Mbao?" Alishika kiuno. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona amekasirika kweli, hata sokoni hakukasirika hivyo. "Mbao zinaoza! Mtoto atatumbukia. Kijazeni. Chokaa kwanza, magunia matatu, halafu mawe makubwa, halafu madogo, udongo mwisho. Na mshindilie. Mmeelewa?"

"Tumeelewa."

"Na unajua ulichonikosea hasa?" akasema. "Ungeniuliza. Siku ile sokoni, badala ya kuniuliza nani alinichagua, ungeniuliza, Kilonzo, tufanyeje ili maji yafike hapa? Ningechimba kule juu, nikaweka pampu na tangi, nikaleta bomba mpaka sokoni. Ni mteremko, maji yangeshuka yenyewe. Nilikuwa nimeshapima. Mkono niliounyoosha barazani ulikuwa wa kusema hilo."

Nilikaa chini kwenye tuta.

Akasema jambo jingine nilipokuwa naondoka, na hili ndilo lako. Alisema kosa lake yeye lilikuwa kukataa kwa mdomo. "Nilikataa sokoni kwa mdomo, ofisini kwa mdomo, kwako karakana kwa mdomo. Upepo ukachukua." Watakuja kwako watu kama mimi, mwanangu. Hatutakuja tukipiga kelele. Tutakuita binti yetu, tutasifu kazi yako, tutasema watu wanateseka, na huenda watu wanateseka kweli. Wewe tupe kiti, utusikilize mpaka mwisho, halafu tuoneshe njia yako kwa maandishi, na kama hapafai andika hapafai, uweke nakala kwako. Diwani wa aina yangu haogopi dhambi. Anaogopa karatasi. Ningeiona karatasi ya Kilonzo yenye sahihi, nisingeinua kikombe kile.

Niliporudi nilipeleka hoja ya kujaza kisima. Vikao viwili tulibishana kama ni kazi ya madiwani kuagiza au ya msimamizi mpya kuamua, na msimamizi mpya, kijana mwoga kwa sababu alijua yaliyompata mwenzake, hakutaka kugusa chochote pasipo kura. Niliwasikiliza nikajisikia nataka kupindua meza. Nikachukua toroli yangu nikakijaza mwenyewe kwa siku nne. Chokaa, mawe makubwa, madogo, udongo. Watu walipita wakisema, tazama diwani mnyenyekevu. Sikuwasahihisha. Muda wangu ulipokwisha sikusimama tena, wakasema napisha vijana. Hilo pia sikulisahihisha. Unaona jinsi nilivyo hodari wa kunyamaza.

Sasa nakufikisha kwenye sababu ya haraka yangu.

Leo asubuhi, nyinyi mkiwa ibadani, nilikwenda kwa mama Wambui. Nilimkuta nje anapukuchua mahindi. Nikasimama, nikamwambia yote niliyokuandikia, kwa mpangilio huu huu. Hakuacha kupukuchua. Nilipofika kwenye kikombe aliinua macho.

"Baba Kageha, ulikunywa mbele yangu. Nilikuona."

"Niliyatapika, mama. Nyuma ya kibanda cha ngozi."

Mikono yake ikasimama. Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane, au anitupie lile beseni la mahindi.

"Wambui naye alikuwa akijaribu kutapika," akasema. "Hakuweza."

Kisha akauliza kama wewe ulijua. Nikamwambia hapana, lakini utajua leo. Akaanza tena kupukuchua. Akasema mlikuwa mmepanga na Wambui kwamba mtasomea kazi moja, mlikuwa mkiisema pale pale nje kwake mkimenya viazi. Mimi sikuwa nalijua hilo. Akasema kesho atakuja stesheni kukuona ukiondoka kwa gari moshi, kwamba hana neno na wewe, na kwamba nikija nisimame mbali naye.

Nitasimama mbali. Nitakuwa kule mwisho wa stesheni, penye mizigo. Mama yako atakuwa na sanduku lako. Ukifika stesheni nenda kwa mama Wambui kwanza, umwamkie yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, ukae naye mpaka gari lifike. Na muda ukiisha kabla hujafika kwangu, panda tu. Usikimbie kunitafuta.

Ni mimi baba yako,
Zakayo